Bakka, Aksa na Bonde la Machozi

Hivi karibuni tulikesha kwenye kilio hapa Makomeno. Marehemu alikuwa mama Mkristu, mtu wa Rozari kila jioni, na binti yake mmoja ameolewa na Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Kasongo, katika Maniema. Watu waliketi nje kuzunguka moto. Maneno yalianza kwa upole, kama ilivyo desturi ya kukesha, yakaisha kwa ukali. Kijana mmoja wa upande wa mkwe alifungua simu yake, akasoma Zaburi ya 84, pale inapotaja bonde la Baka, akasema: «Tazameni, wazee wangu, Baka hiyo ndiyo Bakka, na Bakka ndiyo Makka. Biblia yenu yenyewe yawaelekeza kwenye Kaaba.» Kijana wa upande wetu, tena mwalimu wa wakatekumeni, akajibu upesi: «Nanyi Kurani yenu yasema Muhamadi alipelekwa usiku mpaka Msikiti wa Aksa. Siku zile Yeruzalemu hapakuwa na msikiti hata mmoja. Basi nani anayedanganya?» Asubuhi, tulipomsindikiza mama yule kaburini, watu walitembea mafungu mawili, na bukari waliyoipika kina mama wa pande zote mbili ililiwa kila upande peke yake.

Sisi tulikuwapo, na tulinyamaza. Hatukunyamaza kwa busara. Tulinyamaza kwa kuwa hatukuwa na hakika ya jibu. Tangu siku ile tumesoma, tumeuliza, tumelinganisha tafsiri, na leo twapenda kusema wazi kwamba vijana wale wawili walikosa kosa lile lile. Kila mmoja alichukua jina la mahali katika kitabu cha mwenzake, akaling'oa pale lilipoota, akalipanda katika shamba lake mwenyewe.

Tuanze na yule wa Zaburi. Hoja yake si yake. Tangu miaka ya 1980 imezunguka katika mihadhara ya hadharani kule Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko, ambapo wahubiri wa Kiislamu walianza kuhubiri kwa Biblia, na wahubiri wa Kikristu wakawajibu kwa Kurani. Kanda ziliuzwa sokoni. Siku hizi mahubiri yale yapatikana katika simu ya kila kijana. Hoja yenyewe yasimama juu ya aya moja. Sura ya tatu ya Kurani, aya ya 96, yasema kwamba nyumba ya kwanza iliyowekwa kwa ajili ya watu ni ile iliyoko Bakka. Jina Bakka halitajwi mahali pengine popote katika Kurani. Jina Makka nalo latajwa mara moja tu, katika sura ya 48, aya ya 24. Wafasiri wa Kiislamu wa zamani waliuliza kwa nini majina yawe mawili. Wengine walisema ni neno moja, maana katika Kiarabu herufi b na m hubadilishana mara nyingine. Wengine walisema Bakka ni mahali penyewe pa Nyumba, na Makka ni mji wote. Aya inayofuata yataja mahali aliposimama Ibrahimu na wajibu wa kuhiji. Basi ndani ya Kurani jina hilo halina fumbo kubwa: ni pale Waislamu wanapokwenda kuhiji.

Fumbo laanza pale mtu anapotaka Bakka hiyo iwe Baka ya Zaburi. Hapo twamwomba msomaji afungue Zaburi yote, asiishie kwenye mstari mmoja. Mwimbaji wake anatamani nyua za Bwana mpaka roho yake yazimia. Anawataja shomoro na mbayuwayu waliopata viota karibu na altare. Afadhali kwake kukaa mlangoni pa nyumba ya Mungu kuliko kuishi hemani mwa waovu. Nao wasafiri anaowasifu wapita katika bonde la Baka, lakini safari yao haikomi hapo. Yakoma Sayuni, mbele ya Mungu, na Sayuni imetajwa kwa jina lake. Baka ni njia. Mtu akisema kwamba alipita Likasi alipokwenda Kolwezi, nani atasema kwamba aliishi Likasi?

Na neno lenyewe? Katika Kiebrania baka ni jina la mti. Miti hiyo hiyo yatajwa katika Kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 5, ambapo Daudi aliagizwa kungoja sauti ya nyayo katika vilele vyake. Na hayo yalikuwa katika bonde la Refaimu, karibu na Yeruzalemu. Lakini jina la mti huo lafanana kwa sauti na neno la kulia. Ndiyo sababu Wayahudi waliotafsiri Zaburi kwa Kigiriki, kabla ya kuzaliwa kwake Yezu, waliandika bonde la kilio, na Kilatini cha Kanisa kikaandika bonde la machozi. Wakatoliki wanaosali Salamu Malkia walijua bonde hilo zamani, ila hawakujua kwamba lipo pia katika Zaburi! Kwa Kiarabu neno la kulia lina mzizi wake, na Bakka ina mzizi mwingine. Kufanana kwa sauti hakutoshi kuhamisha bonde kutoka nchi moja mpaka nyingine.

Hapo wengi wetu tungependa makala iishe, tupige makofi. Lakini bado kijana wetu.

Yale aliyoyasema juu ya tarehe ni kweli. Muhamadi alikufa mwaka 632. Khalifa Umar alipata kuingia Yeruzalemu mwaka 638 hivi. Msafiri mmoja, askofu Arculf wa Gallia, alifika huko karibu na mwaka 680, na habari zake ziliandikwa na Adomnán, abate wa Iona. Alisimulia kwamba Waislamu walikuwa na nyumba ya sala ya mbao na mihimili tu, iliyojengwa kwa haraka mahali palipokuwa Hekalu. Kuba la Mwamba lilimalizwa mwaka 691 au 692, nao msikiti wa mawe ambao sasa watu huuita Aksa ulijengwa mwanzoni mwa karne ya nane. Basi usiku ule unaosemwa katika sura ya 17, aya ya 1, hapakuwa na jengo lolote la Kiislamu katika mji ule.

Lakini je, aya yasema jengo? Hapa ndipo tulipojifunza jambo ambalo hatukulijua. Neno la Kiarabu ni masjid, yaani mahali pa kusujudu. Neno letu msikiti latoka humo, lakini njiani kutoka Uarabuni mpaka pwani, na kutoka pwani mpaka Katanga, limepungua: sasa msikiti ni nyumba yenye mnara, mikeka na mwadhini. Kurani haitumii neno hilo kwa upungufu huo. Kaaba na uwanja wake yaitwa masjid hata katika miaka ile ambayo ilikuwa bado imejaa sanamu, kabla Muhamadi hajaingia Makka kwa ushindi mwaka 630. Tena, katika sura ile ile ya 17, mistari sita tu mbele, aya ya 7 yawakumbusha Wana wa Israeli jinsi adui zao walivyoingia katika masjid yao na kuharibu. Huo si msikiti wa Waislamu. Wafasiri wa Kiislamu wenyewe wasema ni Hekalu la Yeruzalemu. Kijana wetu angalisoma aya sita zaidi, asingalisema aliyoyasema. Alifanya kwa Kurani kama yule mwingine alivyofanya kwa Zaburi: alisoma mstari, akafunga kitabu.

Tena silaha aliyoishika ina makali pande mbili. Zaburi ya 5 ina jina la Daudi juu yake, nayo yasema habari ya kuinama kuelekea hekalu takatifu. Kila mtoto wa mafundisho ajua kwamba Hekalu lilijengwa na Solomoni, Daudi alipokwisha kufa. Tungekasirika mtu akituambia kwa sababu hiyo kwamba Zaburi ni uongo. Tungemweleza kwamba neno lile laweza kumaanisha hema, au makao ya Mungu, na kwamba jina la Daudi juu ya Zaburi lina maana zaidi ya moja. Maelezo hayo ni ya haki. Basi haki hiyo tusiifungie sandukuni mwetu.

Tusiseme pia kwamba Aksa imekwisha kuelezwa. Waislamu karibu wote hushika kwamba ni Yeruzalemu, na kushika huko ni kwa zamani sana. Lakini aya yenyewe haiutaji mji. Yasema tu masjid ya mbali, ambayo pande zake zimebarikiwa. Mwaka 1953 mtaalamu Mwingereza, Alfred Guillaume, aliandika kwamba mahali hapo palikuwa Jirana, karibu na Makka. Wachache walimfuata. Sisi twaona kwamba aya ya 7 yamshinda, maana ni vigumu masjid iwe kijiji jirani ya Makka katika mstari wa kwanza na Hekalu katika mstari wa saba. Jambo moja lingine lilitushangaza: maandishi marefu yaliyo ndani ya Kuba la Mwamba, ya mwaka ule ule lilipomalizwa, hayataji safari ya usiku hata kidogo. Yasema kwa kirefu habari za Yezu mwana wa Maria, yakiwaambia Wakristu kile ambacho Waislamu wakikubali na kile wasichokikubali juu yake. Yaani waliojenga walikuwa na majirani Wakristu mbele ya macho yao.

Kadiri tulivyoendelea kusoma, ndivyo tulivyoona tabia moja ya Kurani: mahali patakatifu hupaonyesha kwa kidole kuliko kupaita kwa jina. Jina Yeruzalemu halimo ndani yake hata mara moja. Aya za kugeuza kibla, katika sura ya pili, hazisemi walikuwa wakielekea wapi kwanza. Ni mapokeo yanayosema kwamba walielekea Yeruzalemu miezi 16 au 17 baada ya kuhamia Madina. Betlehemu haimo, imo sehemu ya mbali, shina la mtende, na kijito chini ya miguu ya Maria. Nazareti haimo. Watu wa kwanza waliosikia walijua kinachoonyeshwa, au waliridhika bila kujua. Sisi tuliokuja baadaye twataka ramani. Hapo ndipo mfasiri anapopata kazi, na hapo ndipo anapopata majaribu.

Mfano ulio bora kuliko yote ni sura ya 23, aya ya 50. Yasema kwamba Mungu aliwapa mwana wa Maria na mama yake kimbilio juu ya nchi iliyoinuka, yenye utulivu na chemchemi. Haisemi zaidi. Wafasiri wa zamani walitaja Damasko, na Ramla katika Palestina, na Yeruzalemu, na Misri. Sisi Wakatoliki moyo wetu wakimbilia Misri mara moja, kwa ajili ya Mtakatifu Yosefu na punda wake. Waahmadiyya wao husema ni Kashmir, kwa kuwa mwanzilishi wao, Mirza Ghulam Ahmad, alifundisha kwamba Yezu hakufa msalabani, bali alisafiri mpaka India na kuzikwa katika mji wa Srinagar. Tazama basi: chemchemi moja, nchi tano! Na kila anayetaja nchi, ataja ile ambayo imani yake imekwisha kuichagua. Juu ya Kashmir twasema bila kusitasita kwamba hapana neno moja la aya linaloielekea. Lakini juu ya Misri yetu pia aya haisemi kitu. Tukitaka kumwuliza Mathayo, tumwulize Mathayo.

Kwa Kiswahili kazi hiyo ya kufasiri ina historia yenye ugomvi. Tafsiri nzima ya kwanza ilitolewa na padre wa Kianglikana wa Unguja, Canon Godfrey Dale, ikachapwa London mwaka 1923. Tunaiheshimu kwa juhudi yake, lakini hatuwezi kuficha kwamba maelezo yake yaliandikwa ili kuwasaidia walimu Wakristu kuwajibu Waislamu. Waislamu hawakuiamini, nasi hatuwalaumu. Nani angeiamini Injili iliyofasiriwa na mtu aliyekaa tayari kuikanusha? Mwaka 1953 Waahmadiyya walitoa yao huko Nairobi, kazi ya Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi, akisaidiwa na Kaluta Amri Abedi wa Ujiji, yule aliyepata kuwa meya wa Dar es Salaam na waziri kabla hajafa mwaka 1964. Ndipo Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyekuwa kadhi wa Unguja na kisha Kadhi Mkuu wa Kenya, alipoona hatari pande mbili, akatoa Kurani Takatifu yake mwaka 1969. Baadaye, mwaka 1995, ilikuja ile ya Ali Muhsin al-Barwani.

Kwa masikio yetu Farsy ndiye mwenye Kiswahili kitamu zaidi. Asema kama mzee anayefundisha barazani. Lakini hupenda mabano, na ndani ya mabano huweka yale ambayo mapokeo yamekwisha kuyajua. Msomaji mwenye haraka hayaoni mabano. Aona sentensi moja, akadhani yote ni neno la kitabu. Hatusemi mabano ni dhambi, maana bila hayo mtu wa Makomeno angepotea. Twasema tu kwamba anayefundisha kwa tafsiri hiyo, awe Mwislamu au Mkristu, asome kwa sauti mbili: hii ni aya, hii ni mabano.

Tena kuna maneno ambayo mabano hayawezi kuyaponya. Katika sura ya tatu, aya ya 37, Zakaria kila aingiapo kwa Maria katika mihrab amkuta na chakula kilichotoka kwa Mungu. Katika Kiswahili cha Waislamu mihrabu ni kile kipango cha ukutani anamosimama imamu. Mtoto akisikia hivyo amwona Bikira Maria ameketi ndani ya ukuta wa msikiti! Lakini katika sura ya 38 wagombanao wapanda ukuta na kumwingilia Daudi katika mihrab yake, hata akaogopa. Hicho ni chumba, tena cha heshima. Nasi tulifurahi sana hapo, kwa sababu hadithi ya Maria kulishwa Hekaluni na malaika wazee wetu katika imani waliijua pia. Imo katika kitabu cha karne ya pili kiitwacho Injili ya Yakobo, kisichohesabiwa katika Biblia, na kutoka huko ilitokea sikukuu tunayoifanya tarehe 21 Novemba, Maria kutolewa Hekaluni. Waislamu nao wameipenda aya hiyo kiasi cha kuiandika juu ya mihrabu za misikiti mingi, hasa ya Waturuki. Ni wangapi kati yetu tuliokwisha kumwambia jirani Mwislamu jambo hilo, badala ya kumwuliza juu ya tarehe za Aksa?

Wako watakaotuuliza: kwa nini gazeti la Wakatoliki lijisumbue na tafsiri ya Kurani? Jibu letu ni fupi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 18 Novemba 1965 juu ya Ufunuo, ulitufundisha kwamba msomaji wa Maandiko hana budi kutafuta mwandishi alitaka kusema nini, kwa namna za kusema za wakati wake. Siku 21 kabla ya hapo, tarehe 28 Oktoba, Mtaguso ule ule ulikuwa umewaomba Wakristu na Waislamu waache magombano ya kale na kujitahidi kuelewana. Hatuoni jinsi mtu awezavyo kushika hati ya kwanza kwa kitabu chake na kuisahau hati ya pili akishika kitabu cha jirani. Hatusemi Kurani ni Neno la Mungu kama Injili. Hatuamini hivyo, na rafiki zetu Waislamu wajua kwamba hatuamini. Lakini hata barua ya mtu mwingine husomwa kwa maana aliyoitia yeye.

Siku ya arobaini tulikutana tena katika ua ule ule. Tulikuwa tumeomba ruhusa kwa mzee wa upande wa mkwe, baba mwenye kufundisha watoto Kurani, tusome pamoja nusu saa kabla ya chakula. Tulichagua sura ya 22, aya ya 40, ambayo yasema kwamba kama Mungu asingaliwakinga watu kwa watu wengine, zingalivunjwa nyumba za namna nne. Majina yao ni manne: sawami, biya, salawat na masajid. Mzee alieleza: ya kwanza ni vyumba vya watawa, ya pili makanisa, ya tatu nyumba za sala za Wayahudi, ya nne ndiyo misikiti. Mwalimu wetu wa wakatekumeni aliuliza kwa nini misikiti imewekwa mwisho. Tuliogopa kidogo. Mzee alifikiri, akacheka: «Mwanangu, mwenye nyumba hula baada ya wageni.» Hatujaikuta tafsiri hiyo katika kitabu chochote.

Juu ya salawat tulibishana mpaka bukari ikapoa, maana neno hilo kwa Kiarabu ni sala zenyewe, na haikuwa wazi kwa kijana yeyote jinsi sala ziwezavyo kuvunjwa kama ukuta. Mzee alisema wengi wa wafasiri wamelihesabu kuwa jina lililotoka kwa Wayahudi. Kisha aliomba tumwachie kitabu chetu cha Zaburi kwa juma moja, apate kuisoma ile ya 84 kutoka mwanzo. Bado anacho.